Bodi ya Peugeot 504 nyumbani: nyundo, puti, kiraka au paneli nzima?

Chukua spika mbovu ya redio, ivunje, toa sumaku yake na uifunge kwa kitambaa laini isije ikakwaruza rangi. Ipitishe polepole juu ya madigadi, chini ya milango na kuzunguka taa. Inaponata, kuna bati. Inapoteleza ikadondoka, hapo kuna puti, ile pasti ya kujazia mabonde, na puti ikishafika unene wa kuizuia sumaku, chini yake kuna kitu ambacho fundi aliyetangulia hakupenda mwenye gari akione.

Hivyo ndivyo nilivyoifahamu 504 yangu. Niliinunua inang'aa, rangi ya maziwa, nikajiona nimebahatika. Upande wa kushoto peke yake sumaku ilidondoka mara tisa.

Peugeot 504 ni mwenyeji Afrika Mashariki. Ilizinduliwa 1968, mwaka uliofuata ikawa Gari la Mwaka barani Ulaya, Ove Andersson akashinda nayo Safari Rally mwaka 1975, na Jean-Pierre Nicolas akashinda tena mwaka 1978 na ile kupe ya V6. Nyingi za Kenya ziliunganishwa Mombasa, na zile ndefu zenye viti vya ziada nyuma zilibeba abiria wa masafa miaka na miaka. Ndiyo maana bado zipo: nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, zimefunikwa turubai. Injini mara nyingi inakubali kuwaka ikibembelezwa siku mbili tatu. Bodi ndiyo inayowakatisha watu tamaa.

Mwenye kutaka kuifufua bodi hiyo uani kwake ana njia nne: kugonga bati lililopo mpaka linyooke, kujaza puti, kukata palipooza na kuchomelea kiraka, au kufungua paneli nzima na kufunga nyingine. Zote nimezitumia kwenye gari hilohilo. Mbili nilizirudia upya baada ya kuharibika, kwa hiyo ninayoyasema hapa baadhi yake nimeyalipia.

Tazama nyuma ya bati kwanza

Watu huchagua njia kwa kutazama upande wa nje. Nje hapasemi kitu. Kutu ya gari haianzi upande unaouosha kila Jumamosi. Huanzia ndani, pale matope yanapojikusanya juu ya taa, ndani ya mlango chini ya kioo, na ndani ya ule mkanda wa bati unaopita chini ya milango. Matope hushika unyevu, unyevu hula bati kutokea ndani, na kile kivimbe kidogo cha rangi unachokiona nje ni moshi tu. Moto uko upande wa pili.

Kwa hiyo toa taa, bampa, mazulia na mbao za milango. Lala chini ya gari na bisibisi ya zamani, uchokonoe bila huruma. Utapata majibu ya aina tatu. Bati linalolia likigongwa lakini limebonyea: hilo ni zima, limeumia tu. Bati lenye wekundu juu na ugumu chini: hilo linataka kusafishwa. Bati linaloitikia kama kadibodi na bisibisi ikapenya: hilo limekwisha, hakuna dawa ya kopo itakayolifufua, litakatwa. Fedha nyingi zinazopotea kwenye bodi hupotea kwa kulitibu hili la tatu kana kwamba ni la kwanza.

Kama gari limekaa pwani, Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, tegemea mengi ya aina ya tatu. Chumvi ya hewani haichagui gari la nani.

Nyundo dhidi ya puti

Hizi mbili hazishindani, ingawa watu hubishana kana kwamba ni Simba na Yanga. Nyundo inalirudisha bati mahali pake; puti inaficha kile ambacho mkono wako haukuweza kukimaliza. Swali ni kiasi gani unaiachia puti.

Kugonga bati hakuhitaji vifaa vingi. Nyundo nyepesi ya bodi yenye uso mpana uliolainishwa, na chuma kizito cha kushikilia upande wa nyuma. Mafundi wengi wanatumia kipande cha reli kilichosagwa kingo zake, na kinafanya kazi vizuri kama vile vya dukani. Nyundo ya seremala iache. Uso wake mdogo unaacha vishimo ambavyo utavitafuta wiki nzima. Mzee aliyenifundisha alikuwa ananiuliza kabla sijainua mkono: bonde hili liliingilia wapi? Maana litatokea kwa njia ileile, kinyumenyume. Mkunjo wa mwisho kuingia ndio wa kwanza kutolewa, kwa hiyo unaanzia pembezoni ukielekea katikati. Ukivamia katikati moja kwa moja, unalitanua bati.

Kutanuka ndiko kunakowashinda wanaoanza. Bati linalogongwa katikati ya vyuma viwili hukonda, likikonda huwa pana, na upana huo hauna pa kwenda. Paneli inaanza kuruka ndani na nje ukiibonyeza, kama kifuniko cha kopo la biskuti. Dawa yake ni joto: unapasha nukta ndogo mpaka iwe nyekundu, unaigonga kidogo, kisha unaipoza kwa kitambaa chenye maji. Bati hujikusanya. Fanya hivyo nukta moja kwa wakati, na usijifunzie kwenye boneti. Jifunzie kwenye mlango wa skrepa.

Puti ni unga wa mawe laini ndani ya utomvu wa polista. Kigumishi chake ni kama asilimia 2 ya uzito; kwa joto la mchana la pwani hata kiwango hicho kinaweza kukugandia ubaoni kabla hujafika kwenye gari, kwa hiyo changanya kidogo kidogo na ufanye kazi asubuhi. Kigumishi kingi hakiharakishi kazi, kinapenyeza doa kwenye rangi ya juu miezi baadaye. Unene wake mwisho ni milimita 3. Zaidi ya hapo inapasuka, kwa sababu bati linacheza na puti haichezi.

Kasoro kubwa ya puti lakini ni nyingine: inanyonya maji. Ukiiweka juu ya bati zima lililokwanguliwa kwa msasa namba 80, ikafunikwa vizuri kwa praima na rangi, itakaa miaka. Ukiitumia kuziba tundu, maji yatakuja kutokea nyuma, puti itayanywa, na msimu wa mvua hautaisha kabla haijavimba. Yale madoa tisa ya gari langu yote yalikuwa hivyo. Ndani ya mojawapo nilikuta gazeti lililofinyangwa, na nusu ya habari za mpira bado inasomeka.

Kwa hiyo bonde kwenye bati zima: gonga mpaka kiganja kikipita juu, macho yamefumbwa, kisihisi zaidi ya mawimbi madogo, kisha malizia na puti nyembamba. Wapo wanaojivunia kumaliza bila puti kabisa. Nawaheshimu, ila mimi sina miaka kumi. Lehemu ya risasi iliyotumiwa na viwanda vya zamani ni nzuri na haili maji, lakini vumbi lake ukiisaga ni sumu. Uani penye watoto siipendekezi.

Kiraka au paneli nzima

Hapa chaguo la kwanza linafanywa na spana. Madigadi ya mbele ya 504, boneti, buti na milango vinafunguka kwa bolti. Madigadi ya nyuma, sakafu, paa na ule mkanda wa chini ya milango vimechomelewa na ni sehemu ya mwili wa gari, maana 504 haina chasisi ya kujitegemea. Kinachofunguka, fikiria kwanza kukibadilisha. Kisichofunguka, fikiria kwanza kiraka.

Paneli ya kubadilisha inapatikana kwa namna tatu. Ya kwanza ni kutoka gari lililokwisha, na kwangu ndiyo bora: bati ni la kiwandani, umbo ni sahihi, matundu ya bolti yako mahali pake. Nenda na sumaku na bisibisi yako, na usione haya kuzitumia mbele ya muuzaji. Ukiweza kuchagua, chukua kutoka gari lililozeekea bara, Nakuru au Dodoma, badala ya lililozeekea kando ya bahari. Madigadi ya bara iliyobonyea ni mali kuliko ya pwani iliyonyooka; bonde linatoka, kutu ya ndani haitoki.

Ya pili ni paneli mpya ya kuigiza. Zipo nzuri na zipo ambazo zinakaribia tu. Kabla ya kuipaka chochote, ifunge kwenye gari bila kukaza, uone pengo kati yake na mlango, na kati yake na boneti. Pengo likipishana juu na chini, irudishe ikiwa bado safi.

Ya tatu ni faiba, ile plastiki yenye nyuzi za kioo. Haili kutu, ni nyepesi, na kwa gari la mashindano ina maana. Kwa gari la barabarani lenye safari za barabara ya vumbi, naona inapasuka kuzunguka bolti, na kingo zake hazikai sawa na mlango wa bati. Kuna jambo lingine ambalo wengi hulijua baada ya kufunga: taa za mbele zinapata hasi kupitia bodi, na faiba haipitishi umeme. Utakaa unatafuta kwa nini taa hazifanyi kazi hadi ukumbuke kuvuta waya wa hasi hadi kwenye bati.

Kiraka ni kazi ndefu kuliko zote lakini ndiyo inayolinda gari lenyewe. Unakata pale palipokufa tu, mpaka kwenye bati linalolia, na kilichobaki ni kilekile kilichotoka kiwandani. Kipimo chake unakikata kwanza kwa kadibodi ya boksi la sabuni, unakipinda kwenye gari mpaka kikubaliane, kisha unakihamishia kwenye bati. Pembe zake zifanye mviringo. Pembe kali hubeba joto na nyufa huanzia hapo.

Sasa bati la kiraka litoke wapi? Hili limewaharibia kazi wengi kuliko mashine mbovu. Bodi za magari ya enzi hizo ni bati la kati ya milimita 0.8 na 1, na karatasi mpya ya geji 20, kama milimita 0.9, inaoana nalo. Bati la kuezekea nyumba, geji 28 au 30, ni jembamba mno, nusu ya hapo au pungufu, na juu yake kuna zinki. Ukilichoma zinki inatoa moshi mweupe ambao ukiuvuta, usiku utalala na homa na kutetemeka kama wa malaria. Liache paani.

Pipa la lita 200 lina bati la unene unaofaa, na mafundi wetu wamejenga nusu ya nchi kwa hilo. Lakini pipa tupu si tupu. Mvuke wa mafuta unaobaki ndani, ukikutana na cheche za grenda au mwali wa gesi, unalipuka na kifuniko chake huua. Ukilitaka, nunua lililokwisha kukatwa na kupasuliwa. Lakini bora kuliko yote haya ni boneti au paa la gari lililokufa, hata la aina nyingine: lina unene uleule, na tayari lina mzingo kidogo, kwa hiyo nusu ya kazi ya kupinda imeshafanyika.

Kiraka kinaweza kukutana na bati ukingo kwa ukingo, au kulala juu yake. Cha kulala ni rahisi zaidi, na mafundi wengi wa barabarani hukifanya kila mahali. Tatizo ni ule mfuko mwembamba kati ya bati mbili: maji yakiingia hayatoki. Sakafuni nakikubali, mradi nyuso zote mbili zipakwe praima ya zinki ya kuchomelea kabla ya kukutana, na kingo zizibwe kwa gundi ya bodi pande zote. Kwenye madigadi ya nyuma, pale jicho linapopita, ukingo kwa ukingo tu.

Na kuna mahali ambapo mimi husimama na kumwita fundi: ule mkanda wa chini ya milango, vishikio vya springi na shokamzoba, na vishikio vya mikanda ya usalama. Mkanda ule wa chini ya milango ndio uti wa mgongo wa 504. Ukiukata gari likiwa limeinuliwa kwa jeki moja, mwili unapinda, na siku ya kufunga milango utagundua haifungi tena. Ukilazimika kuufanya mwenyewe, gari likae juu ya vigingi vinne imara, milango ikiwa imefungwa, ukate upande mmoja tu, umalize, ndipo uende wa pili.

Kuunganisha: mashine gani?

| Njia | Kwenye bati jembamba | Weldi yenyewe | Inafaa wapi |
|---|---|---|---|
| Rodi ya umeme | hutoboa haraka | ngumu, ina takataka | vyuma vinene, chasisi |
| Gesi ya oksijeni na asetilini | joto husambaa, bati hupinda | laini, hugongeka kwa nyundo | mkono uliozoea |
| MIG (mashine inayojilisha waya yenyewe), waya wa milimita 0.6 | joto hubaki mahali padogo | ngumu, husagwa | anayeanza mwenye subira |
| Ribiti na gundi ya bodi | hakuna joto | kingo huonekana | sakafu, Land Rover |

Jedwali linaficha jambo moja. Fundi mzuri wa gesi atakushinda wewe na MIG yako mpya, kwa sababu weldi yake laini anaigonga ikiwa bado na joto na bati linarudi sawa. Lakini fundi mzuri wa gesi amechomelea miaka ishirini. Anayeanza leo, MIG ndiyo inayosamehe.

Ukiitumia, usivute mstari. Weka nukta, ruka upande wa pili, weka nyingine, acha nafasi ya kama milimita 25, subiri uweze kulishika bati kwa mkono, ndipo uzibe nafasi za kati kwa mtindo huohuo. Kiraka cha ukubwa wa kiganja kinachukua saa nzima. Niliharakisha cha kwanza, paneli ikajipinda mpaka ikafanana na chapati.

Pwani kuna adui wa ziada: upepo. MIG ya gesi inategemea wingu dogo la gesi kuifunika weldi, na kusi ikivuma uani wingu hilo linaondoka, weldi inatoka na vishimo kama mkate. Ning'iniza turubai, au fanya kazi alfajiri. Waya usiotumia gesi hauogopi upepo, ila una joto zaidi na hutoboa bati jembamba.

Kabla ya cheche ya kwanza, ondoa kabisa vichwa vya betri, toa zulia na viti, jua tangi la petroli na mabomba yake yako wapi, na kumbuka kuwa lami iliyopakwa chini ya gari inashika moto kimyakimya. Ndoo ya maji iwe karibu, na usiondoke saa nzima baada ya kumaliza.

Njia niliyoipenda kuliko zote lakini haimo kwenye jedwali. Kata mwenyewe, pima mwenyewe, safisha mwenyewe, shikilia kiraka kwa skrubu ndogo mpaka kikae barabara, kisha mlete fundi mwenye MIG au gesi aje achomelee tu. Kazi ya kuchomelea ni saa chache. Kazi ya kuandaa ni wiki, na hiyo ndiyo inayofanywa vibaya ukimlipa mtu kwa kazi nzima, kwa sababu haionekani.

Kutoa kutu

Brashi ya waya kwenye grenda ni ya haraka, na inadanganya. Inaing'arisha kutu badala ya kuitoa kwenye vishimo, na bati linaonekana jeusi linalometa ukadhani limepona. Vaa miwani, nyaya zake huruka kama sindano. Kwa vishimo, asidi ya fosforiki ndiyo dawa: inaigeuza kutu kuwa fosfeti ya chuma, safu ya kijivu inayokaa. Suuza kadiri kopo linavyoelekeza, kausha siku hiyohiyo kwa jua au hewa ya kompresa.

Vitu vidogo vinavyotoka, bawaba, vishikio, mabano ya taa, vitumbukize kwenye maji yenye asidi ya sitriki usiku kucha. Ni kemia ileile ya bibi zetu waliosugua sinia za shaba kwa ndimu. Ukiwa na chaja ya betri na pipa la plastiki, umeme unaweza kufanya kazi hiyo bila kula bati zima: kipande chenye kutu kwenye hasi, chuma cha kawaida kwenye chanya, maji yenye soda ya kufulia. Nilijaribu kwa magadi ya jikoni, nikajuta. Ndani yake kuna chumvi ya kawaida, na chumvi ndiyo tuliyoikimbia. Usitumie chuma kisichoshika kutu kwenye chanya, kinatoa sumu ya kromu majini, na fanya nje kwa sababu povu lile ni hidrojeni, gesi inayolipuka.

Kupulizia mchanga kunasafisha kuliko vyote lakini hupindisha boneti na milango ikiwa mpulizaji hana mkono mwepesi. Mchanga wa kawaida ukivutwa kama vumbi unaharibu mapafu moja kwa moja, na mchanga wa ufukweni unapanda chumvi kwenye bati. Bodi nzima ya 504 nisingeipeleka huko. Mabano na fremu, sawa.

Kwa wenye Land Rover

Jirani yangu ana Series III na hucheka kila akiniona na msasa. Paneli zake ni aloi ya alumini inayoitwa Birmabright, iliyochaguliwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa sababu chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Hailiwi na kutu nyekundu, kweli, na paneli karibu zote zinafunguka kwa bolti. Lakini chasisi yake na ukuta ulio kati ya injini na abiria ni chuma, na alumini ikigusa chuma penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Inakuwa unga mweupe chini ya rangi.

Kwake ulinganisho unageuka. Ribiti, ambazo kwangu ni njia ya dharura, kwake ndizo za asili, mradi zitenganishwe na chuma kwa gundi au mpira. Puti inakubalika vilevile. Kuchomelea kwa mashine ya kawaida hakuwezekani. Na kabla ya kugonga bonde lake, bati lilainishwe kwa joto: lipake sabuni ya kipande, lipashe taratibu, sabuni ikigeuka nyeusi simamisha. Ukizidi hapo, alumini haiwi nyekundu kukuonya. Inaanguka tu chini ikiwa maji.

Praima, rangi, na upande usioonekana

Bati tupu pwani halilali. Ukilisafisha jioni, asubuhi lina haya usoni. Kwa hiyo praima iingie siku hiyohiyo, na aina yake ina maana kuliko rangi yenyewe. Praima ya epoksi inaziba kabisa, na puti inaweza kukaa juu yake; kwangu ndiyo ya kuchagua kwa gari linalotengenezwa kidogo kidogo kadiri pesa inavyopatikana. Praima nyekundu ya mageti inanyonya unyevu. Ile ya kijivu ya kujazia mikwaruzo pia hunyonya, ingawa inaonekana imekamilika. Magari mengi yanayokaa miezi na kijivu yakisubiri rangi yanaoza chini ya hicho kijivu.

Rangi ya juu, ya mchanganyiko wa sehemu mbili hudumu na kung'aa, lakini kigumishi chake kina isosayaneti, kemikali inayodhuru mapafu, na barakoa ya kitambaa haiizuii hata kidogo. Inataka hewa ya kupelekewa kwa bomba. Nyumbani nilipaka ile ya kukauka yenyewe kwa thina, nikaisugua na kuing'arisha. Haidumu sana juani. Ni rahisi kuirudia, na bado napumua vizuri.

Mwisho ni ndani ya paneli. Wengi humwaga oili chafu ya injini ndani ya milango na ule mkanda wa chini, na ni kweli inapenya. Lakini ina asidi na masizi, inalainisha mipira ya milango, na inadondoka kwenye sakafu ya nyumba wiki nzima. Nta ya kupulizia ndani ya matundu ni ghali zaidi na inarudiwa kila baada ya miaka kadhaa. Nilichagua nta.

Kabla ya kuipulizia, tafuta matundu madogo ya kutoa maji chini ya kila mlango. Ni membamba, na rangi ya mafundi waliotangulia huwa imeyaziba. Yazibue kwa waya. Kisha mimina kikombe cha maji juu, pale kioo kinapoingia, uchuchumae uyaone yakitoka chini. Mlango wangu wa nyuma kushoto ulichukua dakika moja kabla tone la kwanza halijaanguka, na likaanguka na tope jekundu.